Siku Baba Alipokuwa na Adabu

Nebraska, 2 Februari 1986

Baba mpenzi,

Amber sasa hivi ametia uji kwenye kofia ya babu yake Verlin. Kijiko baada ya kijiko, taratibu, kisha akageuza kijiko akaupigapiga kama fundi anayesawazisha saruji. Alipomaliza akamtazama Verlin usoni, hakucheka hata chembe, akamrudishia kofia yake. Pale nilikuona wewe kabisa. Verlin alicheka mpaka ikabidi ashike meza, halafu akaivaa.

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta salama, kifua kimepungua, na unakula kitu kingine zaidi ya nyama inayobaki buchani. Sisi hatujambo. Duane wangu anakusalimu, mgongo wake umepona. Amber ana miezi kumi na meno manne. Theluji imefika madirishani lakini ndani kuna joto.

Baba, nina jambo. Mtoto hajabatizwa. Hapa watoto hubatizwa wakiwa na wiki chache tu, na mama mkwe wangu Arlene kila Jumapili anaulizwa kanisani, naye hana la kujibu. Mimi ndiye ninayechelewesha. Nilisema mwanangu hatabatizwa mpaka babu zake wote wawili wasimame pale mbele. Mchungaji ametupa Jumapili ya Pentekoste, tarehe kumi na nane Mei. Baada ya hapo anahamishwa, na Arlene amesema tarehe hiyo haisogei tena.

Tatizo ni ile hotuba yako ya harusi. Najua umeshaisahau. Baba mkwe hajaisahau. Mwaka wa pili huu na bado ameishika kichwani neno kwa neno: "Nilimwomba Mungu anipe mkwe mwenye akili, akanipa mwenye meno. Nimempoteza binti, na mpaka sasa sijajua nimepata nini." Watu wetu walikuwa wanajifuta machozi kwa kicheko, mjomba Clifford akaanguka na kiti chake. Wakwe zangu walikaa kama wako msibani. Wao wanaamini walivuka bahari kuja kumsikia mtoto wao wa pekee akitukanwa mbele ya watu themanini. Duane amewaeleza, mimi nimewaeleza. Verlin anasema, "Mtu akisema neno bila kutabasamu, analimaanisha." Juzi amesema hawezi kumweka mezani kwake mtu anayemdharau mwanawe.

Mwandikie, baba. Mistari mitatu tu. Mwombe radhi, basi. Sitaki Amber akue akikujua kwenye picha.

Mwanao,
Lorraine


Rotherham, 14 Februari 1986

Mwanangu Lorraine,

Marahaba. Kifua kipo palepale nilipokiacha. Nyama nakula kwa sababu samaki wa Harold, jirani yangu pale sokoni, hata paka wamewakataa. Nimemwambia hivyo mwenyewe, akanipa chai. Mvua inanyesha kidogo. Juzi maji yaliingia jikoni, nikapata nafasi ya kuosha miguu huku nakaanga mayai.

Kuhusu hiyo radhi, sijaelewa niiombe kwa kosa gani. Nilimtania kijana kwa sababu nilikuwa nimeshamkubali. Ulitaka nimsifu? Ningemsifu, ukumbi mzima ungejua kuna tatizo. Unamkumbuka Bwana Thackray, mkaguzi wa nyama? Miaka kumi na tisa namsalimu kwa heshima, namfungulia mlango, nauliza hali ya mkewe. Simpendi hata kidogo. Na Clifford, siku tuliyomzika mama yako, alinishika bega pale makaburini akaniambia, "Angalau sasa dada yangu hatasikia unavyoimba." Watu wengi walinipa pole siku ile, pole nzuri nzuri, sikumbuki hata moja. Neno la Clifford ndilo lililonifikisha nyumbani.

Nieleze basi, hao watu wako wanacheka nini?

Mwambie Amber kazi yake ya kofia si mbaya.

Baba yako


Nebraska, 26 Februari 1986

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia uko salama, na jiko likauke. Sote wazima, Amber anatambaa kinyumenyume, akikitaka kitu anazidi kukiacha mbali na anashangaa.

Umeuliza wanacheka nini. Wanacheka sana, baba, kutuzidi sisi. Ila mzaha wa hapa umefungwa kengele shingoni, unausikia ukija kutoka mbali. Mtu anaanza kucheka mwenyewe kabla hajasema, anakupiga mgongoni, anasema, halafu anamalizia na "nakutania tu," ili asiwepo wa kurudi nyumbani na kidonda. Mwanzoni niliwaona wajinga. Sasa sivyo. Mimi sijasoma sana, lakini nimekaa nikawaza hivi: huku nyumba moja na nyingine zinaachana mwendo wa nusu saa kwa miguu, na babu zao walikuja kutoka kila pembe, huyu Mjerumani, yule Mswidi, yule Mcheki. Ukikutana na usiyemjua inabidi umwonyeshe mikono yako ni mitupu. Sisi Rotherham tumebanana ukuta kwa ukuta, babu yako namjua na kikohozi chake nakijua, mikono ya nini.

Halafu wao hukuza. Verlin anasimulia baridi ya mwaka fulani, kwamba kivuli chake kiliganda kwenye ukuta wa ghala akaja kukibandua kwa koleo theluji ilipoyeyuka. Wewe ungesema kulikuwa na kaubaridi. Lakini baba, nyote wawili mnadanganya kuhusu baridi ileile, mmoja anapandisha, mwingine anashusha. Na wote wawili hamwezi kuwasema waheshimiwa wa serikali bila kukunja pua.

Mimi pia niliwahi kuharibu. Mwezi wangu wa kwanza hapa Arlene alioka pai ya tufaha, akanisimamia, akauliza ikoje. Nikasema, "Si mbaya." Unajua mwenyewe kwetu hiyo ni medali. Aliingia jikoni akakaa huko mpaka wageni wakaondoka. Siku hizi nasema ni tamu kuliko pai zote nilizokula tangu nizaliwe, na sijadhurika.

Ila kuna kitu nilikiona mwaka jana. Mvua ya mawe ilipiga mahindi yote, dakika kumi tu, shamba likawa kama limekanyagwa na tembo. Verlin alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Haya, kuvuna tumemaliza." Hakutabasamu. Nilimtazama vizuri, baba. Pale alikuwa mtu wa Rotherham kabisa.

Kwa hiyo najua mtapatana. Pasipoti unayo, na ruhusa ya ubalozi unayo tangu ule mwaka ulipougua ukaahirisha. Kilichobaki ni mistari mitatu.

Mwanao,
Lorraine


Rotherham, 8 Machi 1986

Mwanangu,

Marahaba, nami mzima. Nimemwandikia mkwe wako leo asubuhi kabla ya kufungua bucha. Nimejitahidi. Nimempa Clifford aisome, amesema ni nzuri kuliko barua zote nilizowahi kuandika. Anazijua mbili, na ile nyingine ilikuwa ya kuagiza visu.

Huyo anayetambaa kinyumenyume amefuata kwenu. Mama yako naye aliegesha gari hivyo maisha yake yote.

Baba yako


Nebraska, 19 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Barua yako imefika.

Verlin aliifungua wakati wa chakula. Alivaa miwani, akaisoma kwa sauti ili sote tusikie, maana nilikuwa nimewaambia ni barua ya kuomba radhi. "Bwana Kessler, naomba unisamehe. Nilisema mwanao hana akili. Wakati ule nilikuwa sijakaa na wewe vya kutosha. Sasa naona si kosa lake."

Arlene aliinuka akaanza kukusanya sahani, na hatukuwa tumemaliza kula. Verlin aliikunja barua mara nne. Akasema, "Ameniomba radhi kwa kunitukana." Duane alijaribu kucheka, akajikuta yuko peke yake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka moyoni. Halafu nikamwona Arlene amenipa mgongo, anaosha sahani zilizokuwa bado na chakula, kicheko kikaniganda. Amesema sasa tubatize mwezi ujao, baada ya Pasaka, kimyakimya, watu wa hapa nyumbani tu.

Mara moja tu katika maisha yako, baba, huwezi kuwa na adabu kama watu wengine? Nimechoka kukutafsiri.

Mwanao,
Lorraine


Rotherham, 3 Aprili 1986

Mpendwa Lorraine,

Nashukuru kwa barua yako ya tarehe kumi na tisa. Natumaini wewe na familia yako mu wazima wa afya. Mimi sijambo kabisa. Hali ya hewa ni nzuri.

Nimeyatafakari maneno yako na nimeona ni ya haki. Leo nimemtumia Bwana Kessler barua nyingine, nikimweleza ninavyoiheshimu familia yake pamoja na mwanawe, ambaye ni kijana bora. Nawatakia ubatizo mwema. Nisingependa kuwapo kwangu kumsumbue mtu yeyote.

Tafadhali mfikishie Bibi Kessler shukrani zangu kwa wema wake wote.

Wako,
Norman Hepworth


Nebraska, 14 Aprili 1986

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena. Narudia kwa sababu safari hii hukunipa marahaba. Sote tuna afya, kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Barua zako mbili zilifika siku moja. Verlin alisoma yake mezani, na kila alipofika kwenye nukta alizidi kunyooka mgongo. Arlene akaweka mkono kifuani akasema, "Kumbe ni muungwana." Verlin akasema, "Haya, yamekwisha. Turudishe Pentekoste yetu, na mwandikie aje, chumba kipo." Nyumba nzima ikafurahi.

Mimi yangu niliisomea jikoni. Nilipofika kwenye "Hali ya hewa ni nzuri" nilianza kulia, na nilipoona jina lako lote pale chini, kama kwenye hati ya polisi, nililia mpaka Amber akaacha kugonga sufuria.

"Mbona unalia tena?" Arlene akaniuliza. "Si ameomba radhi vizuri?"

"Amenifungulia mlango kama Bwana Thackray," nikasema.

Hawakuelewa kitu. Basi nikawakalisha wote watatu, nikamweka Amber pajani, nikawaambia habari za mkaguzi wa nyama, na za samaki wa Harold, na alichosema mjomba Clifford makaburini. Hapo kwenye mjomba Clifford Arlene aliguna.

"Subiri kwanza," Verlin akasema. "Unataka kuniambia hii barua nzuri ndiyo tusi?"

"Si tusi, baba mkwe. Ni mlango. Ameufunga polepole ili usisikie."

"Na ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza alikuwa amekuvutia kiti."

Verlin aliinuka. Kisha akaenda kwenye droo ya kabati akatoa barua yako ya kwanza. Alikuwa ameitunza, baba, na mikunjo yake minne. Akaisoma upya peke yake, midomo inacheza.

"Anasema si kosa la kijana," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni langu."

"Ndiyo."

"Ni kweli kidogo," akasema Arlene kutoka kwenye karo la kuoshea vyombo, na hakugeuka. Miaka miwili niko hapa, ndiyo mara ya kwanza namsikia yule mama akisema kitu bila kutabasamu. Duane alimtazama kama ameona ng'ombe akipanda ngazi.

Ndipo Verlin akaomba karatasi. Imemchukua siku mbili. Yule mtu anaweza kuendesha trekta kwenye dhoruba, lakini kumtukana mtu kwa uso mkavu kumemtoa jasho. Ya kwanza aliniletea imeandikwa, "Bwana Hepworth, wewe ni mzee mbaya, nakutania tu, Mungu akubariki." Nikamrudishia. Ya pili ilikuwa na kivuli kilichoganda, kurasa mbili, nikamrudishia. Duane akajitolea kumsaidia, akafukuzwa. Ya tatu hakunionyesha. Ila Arlene aliichungulia, akaninong'oneza mwanzo wake: "Nimeitazama tena picha yako ya harusi, nikaelewa kwa nini binti yako alikimbilia nchi nyingine." Halafu akaniambia kwamba pale chini ameongeza "nakutania tu" na kuipigia mstari.

Nikamfuata barazani. "Baba mkwe, ule mstari wa mwisho utoe."

"Siwezi. Mtu anaweza kuumia."

"Aumie kidogo. Hapo ndipo atajua umemsogelea."

Aliingia ndani. Akachukua mkasi, akakata ule ukingo wa chini wa karatasi, sawasawa, kama anakata kitambaa. Lakini hakuutupa. Aliutia kwenye mfuko wa shati, akasema atakaa nao, huenda ukahitajika kutumwa haraka. Bahasha ameipeleka posta mwenyewe.

Baba, niliandika kwamba nimechoka kukutafsiri. Nilikuwa nimechoka siku ile, na nilikuwa na hasira, na nilimwonea huruma Arlene. Sijakuchoka wewe. Nilikuomba adabu kama vile sijui kwako adabu inakaa upande gani, na mimi ndiye mtu wa pekee katika nyumba hii aliyepaswa kujua. Nisamehe. Njoo unitukane. Anza na mimi, halafu zunguka meza yote.

Mwanao, mwanao kabisa,
Lorraine


Nebraska, 17 Mei 1986

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Wiki ya tano hii sijapata neno kutoka kwako, lakini sina hofu kama unavyodhani. Ungekuwa bado umekasirika ungeshaandika, kwa heshima zote, na ungeniambia hali ya hewa. Kwa hiyo kila siku isiyo na barua naihesabu ni siku nzuri.

Tena barua zenyewe siku hizi sizioni hata zikija. Verlin amejipa kazi ya kwenda kwenye sanduku la posta mwenyewe kule barabarani, ananitangulia, anasema ni mazoezi ya goti. Akirudi anatia mkono mfukoni na kuongea habari za goti.

Kesho ndiyo Pentekoste. Keki imefika, gauni la mtoto limepigwa pasi, ni lile alilobatizwa nalo Duane, na kabla yake Verlin, ingawa ukimtazama Verlin leo huwezi kuamini aliwahi kuingia humo. Duane ameondoka tangu alfajiri kwenda kuazima viti vya kanisa, mwendo wa robo saa, na sasa inakaribia saa tisa mchana. Nadhani miti ya kuvitengeneza ndiyo kwanza inaota.

Kama hukuweza kuja, mtoto atabatizwa hivyo hivyo, nimekubali. Verlin atasimama upande wa kulia. Upande wa kushoto nimemwambia mchungaji asisimame mtu, si mjomba, si jirani, pabaki wazi. Aliniuliza, "Na watu wakiuliza?" Nikamjibu, "Waambie ni wewe uliyesahau kumpanga mtu." Alinitazama muda mrefu, maskini, halafu akacheka. Wanajifunza, baba.

Nataka nikwambie jambo la jana, nimelibeba tangu jana. Amber sasa anasimama. Jana alisimama kwenye ngazi ya mlangoni, akaachia mikono, akaanguka kifudifudi. Arlene na mimi tulifika pamoja. Mimi mdomo ulijifungukia wenyewe, nikasema lile uliloniambia mimi nilipoanguka na baiskeli pale mbele ya bucha, "Hebu tuone kama ngazi imeumia." Na Arlene papo hapo akasema, "Pole mpenzi wa bibi, wewe ni shujaa kuliko watoto wote wa Nebraska." Basi mtoto akanyamaza. Akanitazama mimi, akamtazama bibi yake, akaitazama ngazi, akaipapasa kama anaipa pole. Halafu akacheka, na sijui alikuwa anacheka la nani. Nikasema moyoni, huyu amepata vyote viwili. Atakua anajua mtu akimsifu hamwongopei, na mtu akimtukana hamfukuzi. Sisi wengine tumepata nusu na tumeishi, lakini yeye atakuwa na vingi zaidi vya kuchekea kuliko sisi sote.

Nilikuwa naogopa, sikufichi. Nilikuwa naona kama nimeolewa ng'ambo ya ukuta, na kila siku napanda juu yake kupiga kelele upande huu na upande ule. Siku hizi nauona mfupi. Hata usipokuja mwaka huu, utakuja. Na ukija sitakusemea neno lolote kwa mtu yeyote, utasema mwenyewe na wataelewa wenyewe, na wasipoelewa watauliza, maana

Gari la Duane limeingia uani, mbwa anabweka. Arlene amepita hapa mbio huku anavua aproni, hajawahi kuvua aproni kwa ajili ya viti. Verlin ananiita kutoka barazani, na sauti yake imekauka kabisa: "Lorraine, kuna mzee hapa ana sanduku, sura yake kama kitu kilichofukuliwa jana. Anasema anatafuta nyumba ya watu wenye akili. Nimwelekeze kwa majirani?" Na kuna mtu anamjibu, baba, anasema mtu wa posta alimwonya kuhusu mwenye baraza hii lakini hakumwambia kama ni mbaya hivi, na hakuna anayecheka, hakuna hata mmoja anayecheka kule nje, na Amber ameshafika mlangoni kwa magoti. Verlin ananiita tena. Nakuja. Nilitaka tu kumaliza kukwambia kwamba